Barabara za mjini, miti, mitaro na njia za miguu: maswali mnayoniulizaga kila siku

Wakuu, nimeamua kuyaweka yote sehemu moja maana kila nikimjibu huyu, kesho anakuja mwingine na lilelile. Kazi yangu ni kuchora mandhari za barabara, nipo Dar, kwahiyo mifano mingi itakuwa ya Dar, Nairobi nitaigusa pale nnapoijua. Nimejibu kwa Kiswahili cha kijiweni, anayetaka lugha ya ripoti akasome ripoti.

Kwani hiyo landiskepu ya barabara si ni kupanda maua tu mwishoni?

Hapana, na hili swali ndo linaniumizaga kichwa kuliko yote. Maua ni asilimia ndogo sana ya kazi. Barabara ya mjini ina lami pale katikati alafu ina kila kitu kilichobaki, yaani njia ya miguu, mtaro, kivuli, kituo cha daladala, taa, mahali pa kuvukia, ukuta wa kuzuia udongo, ngazi za kushukia kwa watu wa bondeni, na pale mama ntilie atakapokaa maana utake usitake atakaa. Kazi ni kuvipanga hivi vyote kwenye upana uleule mapema, kabla mhandisi hajafunga mchoro, kwasababu akishafunga unaambiwa "haya mtu wa bustani, hii hapa nusu mita iliyobaki, panda ukoka". Nusu mita! Hapo hata mti wenyewe hauna pa kuweka mizizi.

Nani hasa anachora hayo mambo, injinia au akiteki?

Wote, kwa kugombana kidogo. Injinia anashika lami, madaraja na mahesabu ya maji, mbunifu majengo anashika vituo, mapaa, ngazi na sura ya daraja, mbunifu mandhari anashika ardhi, miti, mteremko na njia za watu. Hiyo fani ya mandhari inafundishwa pale Chuo Kikuu Ardhi. Na kwa upande wa serikali usichanganye, barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS, zile za mitaa na wilaya ni TARURA iliyoanza 2017. Ukipeleka malalamiko ya mtaro wa uchochoroni kwenu TANROADS watakusikiliza tu kwa adabu.

Mbona mvua ikinyesha saa moja tu barabara inakuwa mto?

Twende na hesabu, msikimbie. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua barabara ya upana wa mita 20 pamoja na njia zake za miguu, urefu kilomita moja, hiyo ni mita za mraba 20,000. Ikinyesha milimita 50, na kwa masika ya Dar hiyo haishangazi mtu, umepata lita milioni moja. Maboza 100 ya lita elfu kumi kumi, kwenye kilomita moja, na hapo sijahesabu maji ya mapaa ya bati na viwanja vilivyosakafiwa saruji ukuta kwa ukuta ambayo yote yanakimbilia barabarani. Zamani nusu ya maji hayo yangeingia ardhini, saivi hayana pa kuingia.

Sasa mtaro wetu wa kawaida ni ule wa zege wenye umbo la sanduku, unabeba maji haraka na kuyatupa bondeni, maana yake tatizo la juu umempelekea wa chini. Alafu umeachwa wazi, kwahiyo ni jalala, chupa za maji na maganda ya miwa yanafika kwenye kalavati yanaziba, mchezo umeisha. Ukiufunika napo mifuniko ya chuma inaibiwa inaenda kwa wauza skrepa, ndo maana siku hizi wengi tunapendelea mifuniko ya zege yenye matundu, nzito hadi mwizi anasema basi.

Kwenye mandhari tunachojaribu ni kuyachelewesha maji. Unaacha kabonde kadogo ka majani kati ya lami na njia ya miguu, chini unaweka kokoto na mchanga, kingo za barabara unaziacha na mapengo ili maji yaingie humo, yazame taratibu, yanayozidi ndo yaende mtaroni. Mti nao unakunywa bure. Kabonde kama haka hakazuii mafuriko makubwa, nisiwadanganye. Jangwani pale hata ungepanda msitu. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza mji mzima hadi baharini karibu na daraja la Salenda, na Jangwani ni bonde lake lenyewe, ni kitanda chake. Sisi tumepitisha barabara ya Morogoro kitandani kwa mtu na karakana ya mabasi ya mwendokasi tukaiweka hapohapo, mto ukirudi kulala tunashangaa. Dawa ya pale ni daraja refu la juu na kulirudishia bonde nafasi yake, na ndo mradi wa bonde la Msimbazi unakoelekea.

Nipande mti gani pembeni ya barabara?

Kila mtu na mti wake, ila mimi naanza na swali moja, unataka kivuli au unataka picha? Kama ni kivuli, miashoki niondolee. Ule mti mwembamba mrefu kama mshumaa, kila ofisi wameupanda, kila ukuta wa mtu mwenye hela upo, na kivuli chake kinatosha mtu mmoja aliyesimama wima akiwa amekonda. Minazi ya mapambo ndo kabisa, inapendeza kwenye mchoro wa kompyuta lakini jua la saa saba mchana linakupiga vilevile.

Mwarobaini bado ndo bingwa wangu. Unavumilia ukame, hauchagui udongo sana, unakua haraka, una kivuli cha kweli mwaka karibu wote, mbuzi nao hawaupendi sana kwasababu ya uchungu. Mkwaju ni mzuri mno ila unachukua miaka, upande kwa ajili ya wajukuu. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu yanayolipuka mwishoni mwa mwaka, una mwavuli mpana hakuna mfano lakini mizizi yake inapita juujuu na matawi yanakatika kwa upepo, kwahiyo upe nafasi, mita tatu na zaidi kutoka kwenye kingo, na usiuweke juu ya kituo cha basi. Mkungu vivyo hivyo, kivuli kitamu, watoto watakula kungu, lakini vitofali vitanyanyuka. Kando ya bahari mvinje unastahimili chumvi. Nairobi na Arusha wao wana jakaranda zao, mwezi wa kumi barabara inakuwa zambarau, tunawaonea wivu, ila ukiileta Dar kwenye joto na unyevu wa pwani haichanui vile, usilazimishe.

Kitu kingine, usipande aina moja barabara nzima. Ugonjwa ukiingia unabaki na kuni.

Kwanini miti ya mradi inakufaga yote mwaka wa kwanza?

Kwasababu inapandwa siku ya uzinduzi na sio siku ya mvua. Niliwahi kuchora barabara moja, jina naliweka mfukoni, miti zaidi ya mia mbili, shimo nimeandika mita moja kwa mita moja, udongo mwekundu uchanganywe na samadi. Mkandarasi akachimba shimo la ndoo, akakuta kifusi cha lami ya zamani humo chini, akapachika mche juu ya kifusi, tena mwezi wa saba, kiangazi kimeanza. Picha zikapigwa. Nilipopita mwezi wa kumi zimebaki fito. Nikauliza nani anamwagilia, kila mtu akamwangalia mwenzake, kumbe kwenye mkataba kumwagilia kuliandikwa miezi mitatu tu.

Tangu siku hiyo kila mchoro wangu naandika matunzo miaka miwili, na mti uliokufa mkandarasi anaurudishia kwa hela yake. Mche mchanga kiangazi unahitaji lita 20 hivi mara mbili kwa wiki, ni ndoo mbili tu jamani, lakini ndoo mbili mara miti mia mbili ni boza, dereva na mafuta, na lazima iandikwe nani analipa.

Mbona barabara ikipanuliwa miti mikubwa ndo inaenda kwanza?

Sababu ya kiufundi ipo, kupanua kunafuata eneo la wazi na miti ndo imesimama hapo. Sababu ya kweli ni kwamba kwenye jedwali la gharama mti wa miaka 80 umeandikwa kama "kusafisha eneo", bei yake ni bei ya kuukata. Nyumba inafidiwa, mti unalipiwa kuondoka.

Nairobi walipojenga ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 toka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika 2022, miti mingi ya njiani ilikwenda. Lakini kulikuwa na mugumo mmoja Waiyaki Way, mkubwa, unakadiriwa kuwa na miaka 100 hivi, ulikuwa kwenye mpango wa kung'olewa. Watu wakapiga kelele, kwa Wakikuyu mugumo ni mti mtakatifu sio mti wa kuni, na Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais Kenyatta kwamba ubaki. Ukabaki, na barabara ikajengwa. Mimi huo mti nautumiaga kwenye vikao, mtu akiniambia haiwezekani kukwepa mti namuuliza, kwenye mradi mkubwa vile iliwezekanaje?

Kwanini watu hawapandi daraja la waenda kwa miguu, wanakatiza chini magari yanapita?

Watu wanawaita wavivu. Mimi nasema hebu pima. Malori yanahitaji nafasi ya mita tano na nusu hivi chini ya daraja, ukiongeza unene wa daraja lenyewe sakafu yake inakaa mita sita juu. Ngazi ya sentimita 16, hizo ni ngazi karibu 38 kupanda na 38 kushuka, una ndoo ya maji kichwani au mtoto mgongoni. Anayesukuma baiskeli ya wagonjwa anahitaji mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani mita 72 kupanda na mita 72 kushuka, jumla mita 144 ili avuke barabara ya mita 25. Wewe ungefanyaje?

Barabara ya Thika ilipokamilika 2012 kwa kasi ile na upana ule, madaraja ya miguu hayakukwepeka, huwezi kuchora zebra kwenye njia nane za mwendo wa kuruka. Lakini ndani ya mji kwanini tunachora barabara kama ya kuruka? Mwendokasi awamu ya kwanza iliyoanza kubeba watu Mei 2016, kilomita 21 hivi na vituo 27, vituo vimewekwa katikati ya barabara na abiria anavuka chini kwa chini kwa zebra na taa, anakatiza kidogo anapumzika kisiwani anamalizia. Tatizo linabaki kwa dereva anayeona zebra ni pambo la lami. Hapo tunanyanyua zebra yenyewe, inakuwa tuta pana lenye usawa na njia ya miguu, gari ndo linapanda na mtu anapita sawasawa. Hiyo huhitaji trafiki kuisimamia.

Njia ya miguu inatakiwa upana gani?

Mita mbili zilizo wazi ni chini kabisa, watu wawili wapishane na mmoja ana mzigo. Nasema zilizo wazi maana mita mbili ukitoa nguzo ya umeme, bango la benki, chemba iliyojitokeza na pikipiki zilizopaki unabaki na sentimita 60. Sehemu kama Kariakoo hata mita nne hazitoshi.

Na wamachinga je, si ndo wanaoharibu mandhari?

Hapana bwana. Machinga yuko pale kwasababu watu wanapita pale, yeye ni kipimo bora kuliko tafiti zenu. Nikienda saiti mpya naangalia kwanza muuza karanga kasimama wapi, hapo ndo penye kivuli na ndo watu wanaposubiri. Ukichora njia bila nafasi yake atakaa katikati ya njia, ukimchorea kibaraza cha mita moja na nusu pembeni, chenye mti na mahali pa kumwaga maji machafu, njia inabaki wazi. Njia za baiskeli za kandokando ya barabara ya Morogoro zimejaa bodaboda na meza za bidhaa, na sio kwamba watu hawaoni mchoro wa baiskeli pale chini.

Nairobi mtaa wa Luthuli mwaka 2019 walifanya kitu kizuri, kaunti na UN-Habitat, magari yakawekwa njia moja, lami ikapunguzwa, njia za miguu zikatanuliwa, miti na viti vikaingia. Wenye maduka mwanzo hununa miradi kama ile, wanasema mteja atapaki wapi. Mteja wa Luthuli lini alikuja na gari?

Vitofali vya pevingi au zege?

Vitofali, kwa sababu moja tu: siku DAWASA, watu wa maji wa Dar, watakapokuja kuchimba, na watakuja, vitofali unaving'oa unavirudishia. Zege wakishalipasua linabaki kovu milele. Ila mchanga wa chini ushindiliwe, na pembeni zifungwe kwa zege, la sivyo mwaka mmoja inakuwa bahari yenye mawimbi. Wale wanaochagua vigae vya kung'aa vya sebuleni kuweka nje kwa ajili ya uzuri, subirini mvua ya kwanza muone watu wanavyoteleza.

Ile mistari ya njano yenye vinundu ni pambo?

Ni ya wasioona. Vinundu virefu vinamwambia endelea, vya duara vinamwambia simama, kuna hatari au kivuko. Nimeona mahali mstari unampeleka mtu moja kwa moja kwenye nguzo ya taa, fundi kafuata mchoro wake na fundi umeme kafuata wake. Kabla ya kukabidhiwa mradi mimi nafumba macho natembea na fimbo mwanzo mwisho, watu wa saiti wanacheka, wacheke.

Chini ya flaiova pafanywe nini?

Inategemea urefu wa paa lake. Ubungo, pale Daraja la Kijazi lililofunguliwa Februari 2021, ni ghorofa tatu za barabara, chini ni papana na kuna kivuli kikubwa kuliko mwarobaini wowote. TAZARA, Daraja la Mfugale la 2018, ni flaiova moja ya barabara ya Nyerere ikipita juu ya Mandela. Maeneo haya kila mtu anakimbilia kupanda majani, na majani yanakufa kwasababu hakuna mvua inayofika wala jua. Basi usipande, sakafia, weka taa nyeupe za kutosha, vibanda vichache, vyoo vya kulipia, maegesho ya bajaji, pakiwezekana kiwanja kidogo cha mpira wa kikapu. Mahali pakikosa shughuli usiku panatafuta shughuli zake zenyewe, mnanielewa.

Kwani sura ya daraja ina umuhimu gani, si tupite tu?

Nenda daraja la Tanzanite jioni alafu rudi uniulize tena. Mita 1,030 juu ya bahari kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan mpaka Coco, limeanza kutumika 2022, na watu wanakwenda kutembea tu, bila safari. Upepo upo, njia ya miguu ipo, ukingo hauzibi bahari, nyaya zinawaka taa. Kigamboni vilevile, lile la Nyerere la 2016, mita 680, nyaya zake zimekuwa alama ya mji. Ugomvi wangu na haya madaraja ni mmoja, mchana hakuna kivuli hata cha kofia.

Vipilefti vyetu mbona kila mtu anaweka sanamu yake?

Kipilefti ni kiwanja cha maonyesho, kila diwani anakitamani. Sanamu ya Askari pale Samora iko toka 1927, shaba, kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa vita ya kwanza, bunduki yake imeelekea bandarini, na imedumu kwasababu ni kitu kimoja, kina kimo cha kibinadamu, unakisoma ukiwa kwenye daladala inayozunguka. Linganisha na vipilefti vyenye chemchemi isiyotoa maji, simba wa saruji, saa iliyosimama na bango la sabuni kwa pamoja. Na tafadhali maua marefu kwenye kona yasizidi magoti, dereva anatakiwa aone gari linalokuja na mtoto anayevuka.

Taa za sola au za umeme?

Za umeme kama umeme upo karibu. Za sola ni nzuri, lakini betri inaibiwa na vumbi la barabarani likikaa juu ya paneli mwanga unafifia hakuna anayepanda kufuta. Chochote utakachochagua, usipande mti katikati ya taa na njia ya miguu, baada ya miaka mitano mti ndo utakuwa unamulikiwa.

Naweza kuweka bustani au kibanda mbele ya nyumba yangu upande wa barabara?

Hilo eneo la mbele sio lako kaka, hata kama unalifagia kila asubuhi. Sheria ya barabara ya 2007 kwa barabara kuu na za mikoa inataja mita 30 kila upande toka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Na kuna sehemu zenye zaidi, wa Kimara hadi Kiluvya wanaijua vizuri 121.5, mwaka 2017 nyumba zilipigwa X na kuvunjwa ndo ikapatikana nafasi ya ile barabara ya njia nane kwenda Kibaha. Kwahiyo ukuta usijenge, zege usimwage. Maua ya chini na ukoka kwa kawaida hakuna anayekugombeza, ila kabla ya mti wa kudumu ongea na serikali ya mtaa na TARURA wakwambie bomba limepita wapi.

Wakikuruhusu, chimba mwanzo wa masika au vuli, shimo linalomtosha mtoto wa darasa la pili kuchuchumaa humo, toa kifusi chote, weka samadi, chomeka fito tatu kuzunguka kwa ajili ya mbuzi na bodaboda. Na udongo uache chini kidogo ya usawa wa njia, maji ya mvua yaingie kwenye mti yasikimbilie kwa jirani.